Namna ya Kutengeneza Ubao wa Maono wa Kufanyia Kazi, si wa Kutazama Tu

Ubao wa maono ni kipande cha ubao au karatasi pana ambapo mtu hubandika picha, michoro na maneno ya mambo anayokusudia kuyafikia, kisha akauweka mahali ambapo macho yake yataupitia kila siku. Desturi hii ilipata umaarufu mkubwa Marekani katika miaka ya 2000, na kwa njia ya simu za mkononi imekwisha kuwafikia vijana na kina mama wa Langoni, Mkomani na Shela hapa Lamu kama ilivyowafikia wenzao wa Mombasa na Nairobi. Mimi ni miongoni mwa wanaouamini, na nimekaa na watu wengi wakiutengeneza. Hata hivyo, nauamini kwa sharti: ubao uonyeshe kazi kwa ukubwa kuliko unavyoonyesha matunda, na kando ya kazi uonyeshe pia kizuizi. Ubao uliojaa matunda matupu ni pambo, na yako mazingira ambamo pambo hilo huwa na madhara.

Sitilii chumvi ninaposema madhara. Gabriele Oettingen, mtaalamu wa saikolojia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Hamburg na Chuo Kikuu cha New York, amechunguza kwa miaka mingi yanayompata mtu anayejiliwaza kwa kuwaza mafanikio yake. Mwaka 1991, yeye na mwenzake Thomas Wadden walichapisha uchunguzi juu ya wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito. Wale waliotarajia kwa dhati kwamba wangefaulu walipungua zaidi. Lakini wale waliojichorea akilini picha tamu za namna watakavyopendeza baada ya kupungua, walipungua kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 likaonekana jambo lilo hilo kwa wahitimu wa chuo kikuu huko Ujerumani waliokuwa wakitafuta ajira: waliozama zaidi katika ndoto nzuri za kazi walituma maombi machache zaidi, na miaka miwili baadaye mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Akili ikishaonja utamu wa kufika, mwili nao hulegea kana kwamba safari imekwisha, na ile nguvu ya kuondoka na kutafuta hupungua.

Kwa bahati njema, picha ya akilini inaweza pia kusaidia, ikiwa ni picha ya aina nyingine. Mwaka 1999, Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaomba baadhi ya wanafunzi wawaze kila siku namna watakavyofurahi wakipata alama nzuri katika mtihani uliowakabili, na wengine wakaombwa wawaze namna watakavyojiandaa: wameketi, wanapitia maandishi ya darasani, wamezima televisheni, wanakataa mwaliko wa rafiki. Hawa wa pili walisoma kwa muda mrefu zaidi na wakapata alama bora. Basi mwongozo huu wote unajengwa juu ya tofauti hiyo baina ya kujiona umefika na kujiona unafanya.

Kabla ya kushika mkasi

Wengi huanza kwa kukusanya magazeti na kukata kila picha inayowavutia. Naomba usianze hivyo, kwa sababu gazeti litakuchagulia malengo yako. Utakata sebule iliyopangwa vizuri kwa kuwa mpiga picha alikuwa hodari, na wala si kwa kuwa wewe unahitaji sebule. Anza kwa karatasi tupu na kalamu, mahali patulivu, na uandike bila kuchuja kila unachotamani kiwe tofauti katika maisha yako baada ya mwaka mmoja. Ukimaliza, iache karatasi hiyo ilale usiku mmoja au mbili kabla ya kuirudia.

Utakaporudi, utakuta kwamba mengi uliyoandika ni matamanio, hayajawa malengo. Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, nimewaona vijana kadhaa wakibandika picha ya kreni na kuandika chini yake maneno “kazi bandarini”. Hilo halijawa lengo. Ni kazi ipi inayokusudiwa: kuendesha mitambo, ukarani wa shehena, ufundi wa umeme, upishi, au ulinzi? Kila moja ina mlango wake, na kila mlango una masharti yake. Kijana akishasema kwamba anataka kuendesha mitambo ya kupakia na kupakua, ndipo maswali yenye majibu yanapoanza kujitokeza: ni kozi gani inayotakiwa, je, hutolewa na chuo cha Bandari Maritime Academy kilichoko Mombasa au chuo kingine, ada ni kiasi gani, atakaa kwa nani akiwa huko, na vyeti vyake vya shule viko kamili au vimezuiliwa kwa deni. Edwin Locke na Gary Latham, waliochunguza malengo kwa miongo kadhaa, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu atende zaidi kuliko agizo la jumla la “kujitahidi”. Picha ya kreni haikumtaka kijana yule afanye lolote kesho asubuhi. Swali la vyeti linamtaka.

Baada ya kulifafanua jambo, jiulize swali ambalo naliona kuwa zito kuliko yote: je, ningelitaka hili hata kama hapana mtu ambaye angejua kwamba nimelipata? Mji wetu ni mdogo na watu wanajuana kwa nasaba, kwa hiyo ni rahisi sana mtu kubeba lengo la shangazi, la majirani au la mwanafunzi mwenzake akidhani ni lake. Sisemi kwamba matarajio ya jamaa hayana thamani. Kijana anayetaka kwenda kusoma Mombasa anamwachia mtu mwingine kazi ya kumtazama mama mgonjwa au duka la familia, na ni haki watu hao washauriwe mapema, kwa adabu, kabla ya picha yoyote kubandikwa. Lakini kushauriana ni jambo moja, na kuandikiwa ubao wako na wengine ni jambo jingine. Lengo lisilokuwa lako utaliona kwa dalili: hulifikirii ila unapokuwa mbele za watu.

Yakibaki malengo zaidi ya matatu, punguza. Muda, fedha na nguvu ni zile zile, na lengo la nne halileti saa za ziada katika siku. Hula za yale matatu.

Huenda ukakutana na kisa kinachosimuliwa sana katika semina, kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953 walioandika malengo yao, ambao walikuwa asilimia 3 tu, walikuja kuwa na mali kuliko wenzao wote wakijumlishwa pamoja. Utafiti huo haukuwahi kufanyika, na haifai kumshawishi mtu kwa jambo la uongo hata kama nia ni njema. Sababu ya kuweka lengo nje ya kichwa ni nyepesi zaidi. Mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni hujenga chombo bila mchoro wa karatasi, kwa jicho na kumbukumbu, na chombo kikaelea. Lakini fundi huyo amekua akiona vyombo vikijengwa tangu utoto wake, na umbo la jahazi limo mikononi mwake. Wewe unayetaka kuwa wa kwanza katika nyumba yenu kufungua karakana ya ushonaji au kusomea stashahada hujaliona umbo hilo likijengwa hata mara moja. Unahitaji kuliweka mbele ya macho, kipande kwa kipande, mpaka likujae.

Ubao wenyewe, na kuta zetu

Maelezo mengi ya ubao wa maono yameandikwa na watu wanaoishi katika nyumba kavu zenye kuta laini, na mtu wa Lamu akiyafuata neno kwa neno atasikitika kabla ya mwezi kwisha. Kuta za nyumba za mawe ni za matumbawe na chokaa. Pini haiingii, na ukipiga msumari utamega plasta ambayo pengine ina umri mkubwa kuliko babu yako. Katika mji uliowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ukuta si kitu cha kutobolewa kwa ajili ya karatasi. Utepe wa gundi nao hushika vumbi la chokaa badala ya kushika ukuta, na usiku wa manane utasikia ubao ukianguka. Juu ya hayo kuna hewa ya bahari. Chumvi huitia kutu pini ya chuma na kuacha doa la kahawia kuizunguka, na unyevu wa masika huifanya karatasi ya manila ijikunje pembe zote nne.

Kwa hiyo nenda kwa seremala ukamwombe kipande cha plaiwudi kilichobaki katika kazi zake, chenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 45 au karibu na hapo. Kipige msasa kingo zake, kisha ukipake vanishi pande zote mbili. Upande wa nyuma ndio husahauliwa, na unyevu huingilia huko na kuupinda ubao wote. Uache ukauke kabisa. Bandika manila kwa gundi nyeupe ya seremala iliyopunguzwa maji kidogo, ukiieneza kwa brashi mpaka kwenye kingo, na utumie kitambaa kikavu kuanzia katikati kuelekea nje ili hewa isibaki chini. Ukiacha kingo bila gundi ndipo kujikunja kutakapoanzia.

Picha nazo zina tabia zao. Ukichapisha saiba, uliza kama mashine yao ni ya wino wa maji au ya wino wa unga. Picha ya wino wa maji hutawanyika rangi zake hewa inapokuwa nzito, ilhali ya wino wa unga hustahimili, na picha ya studio hustahimili zaidi. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika au kwa penseli. Juu ya yote funika kwa nailoni ile angavu wanayofunikia watoto vitabu vya shule, ukiikunjia nyuma na kuibandika huko, ila sehemu moja uiache wazi kwa sababu utakayoiona hivi punde.

Kuhusu kuutundika, ikiwa chumba kina dari ya boriti, pitisha kamba nyembamba juu ya boriti na uuning’inize ubao bila kugusa ukuta. Ikiwa una kidaka kipana au rafu, uegemeze humo. Epuka mahali panapopigwa na jua linaloingia kutoka uani, maana rangi zitafifia upesi. Mwenye nyumba ya makuti au ya mabati inayovuja na atumie daftari kubwa lenye jalada gumu, litamfaa vilevile. Wako wanaotumia skrini ya simu. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa simu hiyo hiyo humwonyesha mtu maisha ya wengine saa nzima baada ya kumwonyesha lengo lake kwa nukta moja.

Kupanga picha

Gawa ubao katika sehemu tatu zisizolingana. Sehemu ya juu, iliyo nyembamba, ni ya mahali unapokusudia kufika, na picha moja ndogo kwa kila lengo inatosha. Sehemu ya katikati, ambayo ichukue nusu ya ubao au zaidi, ni ya kazi. Sehemu ya chini ni ya vizuizi pamoja na majibu yake. Nitaueleza mpango huu kwa mfano mmoja mrefu, kwa kuwa mtu akiuelewa katika jambo moja ataweza kuutumia katika mengine.

Tuseme mama mmoja wa Langoni anauza mahamri na mbaazi asubuhi, naye anataka kununua cherehani ili aanze kushona mabuibui na sare za shule. Tuseme pia kwamba cherehani anayoitaka inauzwa shilingi 24,000. Juu ya ubao wake inakaa picha ndogo ya cherehani, ya aina hasa aliyoiulizia dukani, pamoja na bei na tarehe aliyoiulizia. Hiyo imekwisha, na hapana haja ya picha ya duka kubwa lenye vioo wala ya mwanamke anayetabasamu asiyemjua.

Katikati hubandika picha alizopiga mwenyewe kwa simu: karai lake jikoni, unga uliokandwa, mkono wake ukitia fedha akiba. Anaandika hesabu kwa herufi kubwa: shilingi 100 kila siku kwa siku 240, yaani miezi minane, ni shilingi 24,000. Kisha anachora visanduku 24, kila kimoja kikiwa shilingi 1,000, ambavyo atavitia rangi kimoja kimoja; hiyo ndiyo sehemu isiyofunikwa kwa nailoni. Kila baada ya siku kumi rangi mpya inaingia, na ubao unabadilika kwa mkono wake. Pia anabandika ratiba ya kujifunza: siku mbili kwa juma anakwenda kwa jirani mshonaji kukata vitambaa, ili cherehani itakapofika isikae chini ya kitambaa ikimsubiri ajue kuitumia.

Sehemu ya chini ndiyo ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayoufanya ubao uwe wa kweli. Anaandika yanayoweza kumzuia, kwa majina yake. Januari kuna ada na sare za watoto. Katika Ramadhani wanunuzi wa asubuhi hawapo. Jamaa hupiga hodi kukopa. Baadhi ya siku atachoka na kusema atalipa mara mbili kesho. Mbele ya kila kizuizi anaandika sentensi yenye “ikiwa” na “basi”. Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer ndiye aliyelichunguza jambo hili kwa kina, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran waliyakusanya matokeo ya majaribio 94 na kuona kwamba mtu anayeamua mapema wakati, mahali na namna atakavyotenda hulifikia lengo lake kwa kiasi kikubwa kuliko yule mwenye nia peke yake. Sababu yake ni kwamba uamuzi umekwisha kufanywa kabla ya kishawishi kufika.

Kwa hiyo mama huyu anaandika: ikiwa nimerudi nyumbani baada ya kuuza, basi kabla sijavua buibui nitatuma shilingi 100 kwenye akiba ya simu. Ikiwa Ramadhani imeingia, basi nitauza sambusa, kaimati na viazi karai jioni kwa ajili ya futari, na kiwango changu cha siku kitabaki kile kile. Ikiwa ni Januari, basi nitapunguza kiwango kiwe shilingi 50, na nusu iliyobaki niifidie kwa oda za Idd. Ikiwa jamaa amekuja kukopa, basi nitampa kutoka katika kibweta cha msaada na si kutoka katika fedha za cherehani. Sentensi hiyo ya mwisho nimeona ikiwaondolea watu mzigo mkubwa. Kumfukuza ndugu mwenye shida si mwenendo wetu, na ubao unaomtaka mtu awe mkavu kwa jamaa zake hautatiiwa hata juma moja. Kilicho bora ni kutenga kiasi kidogo cha msaada tangu mwanzo, ili ukarimu uwe na mahali pake na cherehani iwe na mahali pake.

Pembeni mwa ubao chora ukanda wa miezi, kwa sababu fedha na nafasi katika pwani hii hazigawanyiki sawasawa kwa miezi 12. Mvuvi na nahodha wa boti ya wageni wanajua kwamba kusi likikaza, hasa Juni mpaka Agosti, bahari nje ya mwamba huchafuka na siku za kutoka hupungua, ilhali kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, huleta siku tulivu zaidi na wageni. Mtu wa namna hiyo akijiwekea akiba ya kiwango kimoja kila mwezi, atajiona mshindwa katikati ya mwaka bila kosa lolote. Aweke kiwango kikubwa cha kaskazi na kidogo cha kusi, na miezi ya bahari chafu aipe kazi za nchi kavu: kutengeneza nyavu, kusomea leseni ya unahodha, kuchukua mafunzo ya lugha ya wageni. Kumbuka pia kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo ukanda wa mwaka jana haunakiliwi; huchorwa upya.

Imani, picha za watu, na macho ya wengine

Wako wanaofundisha kwamba ukitazama picha kwa hisia kali vya kutosha, ulimwengu wenyewe utakuletea kitu hicho. Sifundishi hivyo. Mtu anaweza kutia nia, akaomba dua, na akaamini kwamba riziki ina Mwenye kuigawa, na bado asiipe karatasi uwezo usiokuwa wake. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge mnyama wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, au amwache wazi na amtegemee, naye akaambiwa amfunge na ategemee. Ubao wa maono, ukitumiwa vizuri, ni sehemu ya kufunga. Andika inshallah juu yake ukipenda, na uiandike kwa maana yake kamili, wala isiwe njia ya kuukwepa mwezi ulioupanga.

Familia nyingi hapa hazitundiki picha za viumbe, hasa katika chumba kinachoswaliwa, na mwenye msimamo huo hapotezi chochote. Picha za vyombo vya kazi, mahali, majengo, ramani, namba na maandishi mazuri zinatosha kabisa. Hata kwa asiyejali suala hilo, picha za watu maarufu ndizo zenye faida ndogo kuliko zote, maana zinaonyesha maisha ambayo hatua zake huwezi kuzifuata kutoka hapa ulipo.

Kuna pia suala la kijicho. Wazee wetu hawakupenda mtu atangaze jambo kabla halijawa, na vijana huiona tahadhari hiyo kuwa woga. Mwaka 2009, Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekusudia kuwa wa namna fulani, nia yake ikishajulikana na kutambuliwa na mwingine, hufanya bidii ndogo katika kazi inayompeleka huko. Kule kutambuliwa humpa hisia kwamba tayari amekwisha kuwa. Kwa sababu hii sishauri ubao ukae sebuleni wala picha yake itumwe kwa watu. Mahali pazuri ni ndani ya mlango wa kabati la nguo, ambalo hufunguliwa kila asubuhi na mwenyewe tu, au katika chumba cha ndani ambako wageni hawafiki. Mchague mtu mmoja unayemwamini, awe dada, mume, mke au rafiki wa muda mrefu, na umweleze kazi za juma badala ya ndoto: “Dada, nimeahidi kwenda kwa mshonaji Jumatatu na Alhamisi, niulize Ijumaa.”

Kuurudia ubao

Macho huzoea. Baada ya majuma machache ubao ambao haujabadilika huonekana kama sehemu ya kabati, na hapo hautakuwa na kazi tena. Tenga robo saa kila juma, na kwa wengi Ijumaa alasiri ndiyo wepesi kuikumbuka. Simama mbele ya ubao na ujibu kwa sauti au kwa maandishi: nimefanya nini tangu Ijumaa iliyopita, ni kizuizi gani kilichokuja, je, sentensi yangu ya “ikiwa” ilinisaidia, na ni jambo gani moja nitakalolifanya kabla ya Ijumaa ijayo. Kisha ubadilishe kitu: tia rangi kisanduku, futa tarehe, ongeza kizuizi ambacho hukukitazamia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na robo saa hii ndiyo kuinama kwenyewe.

Ikiwa majuma manne yamepita na hujagusa chochote katika lengo fulani, usijikemee na usibandike picha kubwa zaidi. Kwanza punguza kazi mpaka iwe ndogo kiasi cha kutowezekana kukataliwa: badala ya kusoma saa mbili usiku, fungua daftari kwa dakika kumi baada ya Isha. Hilo nalo likishindikana kwa majuma mawili zaidi, rudi kwenye lile swali la kama lengo ni lako. Uchunguzi wa Oettingen umeonyesha kwamba mtu anayeweka lengo na kizuizi chake pamoja huongeza juhudi pale jambo linapowezekana, na huliachia pale lisipowezekana kwa sasa, akabakiwa na nguvu za jambo jingine. Mzazi akiugua, au ada ikipanda maradufu, lengo linaweza kutolewa ubaoni kwa heshima. Litie katika bahasha, uandike tarehe na sababu, na uihifadhi bahasha hiyo nyuma ya ubao.

Wanaopenda kufanya kazi hii kwa kikundi, kama vile chama cha kina mama au darasa la vijana, wafanye kikao cha saa mbili na nusu, na saa ya kwanza nzima mkasi usiguswe. Saa hiyo ni ya kuandika na kuulizana maswali wawili wawili. Kalenda za zamani, picha za simu zilizochapishwa na penseli za rangi zinatosha. Msimamizi asiruhusu mbao zishindanishwe kwa uzuri, na kila mmoja asiondoke kabla ya kutaja kazi moja atakayoifanya katika siku tatu zijazo.

Lengo likitimia, iondoe picha yake siku hiyo hiyo, uandike tarehe nyuma yake na uitie katika ile bahasha pamoja na visanduku vilivyojaa rangi, kwa kuwa siku ya kukata tamaa katika lengo linalofuata utataka kuona kwa macho yako namna lile la kwanza lilivyokwenda. Nafasi iliyobaki usiijaze upesi. Rudi kwenye karatasi tupu na kalamu. Manila ikichakaa, ilowanishe kwa kitambaa chenye maji, ibandue, acha plaiwudi ikauke kivulini, uipige msasa na kuipaka vanishi upya, na itabeba nyingine.